Gari la Jirani

Leona Hudyma aliomba radhi kama watu wengine wanavyopiga chafya. Akigonga kiti kwa goti, alikiambia samahani. Mtu akimkanyaga dukani, yeye ndiye aliyetangulia kusema samahani, na aliyemkanyaga akajibu kwa samahani yake, wakabaki wanapokezana heshima mpaka foleni nzima ikaanza kukohoa. Wala hakuwa peke yake. Kijiji chote cha Dolyna kilikuwa hivyo, na Saskatchewan yote, na kwa maneno ya mumewe Orest, Kanada yote kutoka bahari hadi bahari.

"Sisi," Orest alipenda kusema, "hata siku ya kuzikwa tutamwomba radhi mchimba kaburi kwa kumchafulia viatu."

Siku yenyewe ilikuwa mkesha wa Krismasi ya kale, ile ambayo watu wa asili ya Ukrainia huisherehekea Januari, wakati majirani wengine wameshaitupa miti yao nje. Leona alikuwa jikoni tangu alfajiri. Desturi inataka vyakula kumi na viwili visivyo na nyama, na nyumba ya Hudyma haikuwahi kupunguza hata kimoja. Ngano ya asali ilikuwa tayari, supu ya bitiruti ilikuwa tayari. Sasa alikuwa anakunja varenyky, vile vimkate laini vya kuchemsha vinavyojazwa viazi, na kila alipokunja kimoja alitupa jicho dirishani.

Binti yao Larysa alikuwa njiani. Alifanya kazi ya maabara hospitalini Saskatoon, na alikuwa ameomba ruhusa ili aje kula mkesha nyumbani. Asubuhi alipiga simu akiwa anawasha gari.

"Ukiona anga linabadilika, geuza," Leona alimwambia.

"Mama, nimezaliwa hapa. Theluji hii siijui leo?"

"Aliyezaliwa mtoni naye huzama."

"Haya, mama. Niwekee supu."

Kabla ya adhuhuri upepo uligeuka, ukaanza kuvuma kutoka kaskazini. Kwanza paa la ghala la Orest likatoweka, halafu ghala lenyewe, halafu uzio, halafu hata ngazi za barazani. Nje hakukubaki kitu ila weupe, weupe unaokimbia. Umeme ukakatika. Ujumbe wa mwisho wa Larysa ulisema amepita daraja na upepo umeanza. Leona alipojaribu kumjibu, mnara wa simu nao ulikuwa umeshakufa.

Orest akaingia akiwa na barafu kwenye nyusi, kama mzee wa miaka mia. "Polisi wamefunga barabara kuu," alisema. "Kuna basi limekwama njia panda, na malori. Wanaletwa ukumbini kwetu. Wanaomba funguo."

Funguo za ukumbi wa kijiji alikuwa nazo Leona, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati.

"Watu wangapi?"

"Basi zima."

Leona akaigeukia meza. Kwa desturi ya mkesha, walikuwa wametenga sahani moja ya ziada kwa ajili ya mgeni yeyote ambaye Mungu angemleta.

"Tulitenga sahani moja," alisema.

"Mungu hajui hesabu," alisema Orest.

"Na Larysa?"

Orest alivua glavu moja, akaitazama, akaivaa tena. "Larysa yuko ndani ya gari, ana blanketi, ana mshumaa, ana akili. Nilimfundisha mwenyewe. Ukikwama, usitoke garini."

"Una hakika hajatoka?"

"Lete sufuria," alisema Orest.

Ukumbi ulikuwa ng'ambo ya barabara tu, lakini siku ile ng'ambo ya barabara ilikuwa nchi nyingine. Orest alifunga kamba kwenye nguzo ya baraza, akaivuta hadi mlango wa ukumbi, na wakavuka wakiishikilia, huku sufuria zikiburutwa nyuma yao kwenye ubao wa kutelezea ambao Larysa aliuchezea utotoni. Leona alilia njiani, kwa kuwa katika upepo kama ule hakuna anayeweza kujua nani analia na nani anatokwa machozi tu.

Abiria wakaanza kuingia, wameshikana mikono kama watoto wa chekechea, na kila aliyeingia aliomba radhi.

"Samahani, nachafua sakafu."

"Samahani, viti havitoshi."

"Samahani sana, mama, nina paka," alisema bibi mmoja mfupi mwenye koti jekundu, akifungua kikapu kidogo ili paka apumue. Bibi huyo aliitwa Gisèle Thibodeau, mtu wa Quebec. Kiingereza alikizungumza kama mtu anayevaa viatu vya mwingine, anafika aendako lakini analalamika.

Nyuma yao aliingia dereva wa lori aliyejaza mlango mzima kwa mabega, ndevu na kilemba cha buluu. Jina lake Balkar Sandhu. Alitazama watu, akatazama sufuria za Leona, akatikisa kichwa, akarudi nje. Baada ya kitambo alirejea akiwa amekumbatia masanduku ya machungwa madogo, yale ya kumenya kwa mkono.

"Mzigo ni wa wenyewe," alisema. "Nitawaomba radhi nikifika Winnipeg. Kuna kisu?"

Basi Leona alifanya anachokijua. Alichemsha, alikoroga, aliwaagiza watu. Mwanafunzi alipewa viazi amenye, wakili alipewa sahani apanguse. Jenereta ya Orest iliunguruma chumba cha nyuma, na watu waliokuwa hawajaonana asubuhi ile wakaanza kubishana kuhusu chumvi. Ukisikiliza kwa masikio tu, ungedhani ni sherehe.

"Mimi nilipofika nchi hii," Balkar alisema huku akimenya, "nilidhani watu wake ni wapole kwa sababu ya dini. Baadaye nikasema, hapana, ni shule nzuri. Ulipofika msimu wa baridi ndipo nikaelewa. Huwezi kumtukana mtu leo, na kesho ndiye atakayekutoa mtaroni."

"Unaweza," alisema bibi Gisèle. "Mtukane kwa Kifaransa. Hawaelewi."

Wakacheka wote, hata Leona.

"Lakini ni kweli," bibi aliendelea. "Kila baada ya miaka michache sisi Quebec tunataka kuondoka, tujitawale. Tunapiga kura, tunanuniana. Halafu inakuja theluji, anakuja mtu wa Ontario anakusukumia gari. Utamnuniaje mtu ambaye mikono yake iko kwenye boneti lako?"

"Kwa hiyo tunapendana," alisema yule wakili.

"Sijasema tunapendana," alisema bibi Gisèle. "Nimesema tunasukumana."

Leona aliendelea kutabasamu, lakini maneno yale yalikuwa yamegusa pabaya. Njia ya kutoka darajani hadi Dolyna ilipita Ziwa Korongo, kijiji cha Wakrii, wenyeji wa nchi tangu kabla ya bibi wa bibi yake Leona kupanda meli kuja huku. Kama Larysa alikwama, alikwama karibu na Ziwa Korongo. Na Ziwa Korongo ndipo alipoishi Bernadette Okemow.

Kiangazi cha mwaka juzi ukumbi wa Ziwa Korongo uliungua moto. Haukupita muda, kaka yake Bernadette akafariki, na Bernadette akaja Dolyna kuomba ukumbi kwa siku moja tu, watu wapate pa kula baada ya mazishi. Leona hakuwa na ubaya naye. Walisoma shule moja. Ila baadhi ya wanakamati walikuwa wameshanong'ona mapema. "Wale watu," walisema. "Na sakafu yetu mpya," walisema. Leona hakutaka maneno. Kwa hiyo alimtazama Bernadette usoni akamwambia, "Samahani sana, mwenzangu. Siku hiyo ukumbi umeshachukuliwa."

Haukuwa umechukuliwa na yeyote.

Bernadette hakubisha. Alimtazama, akatazama ukutani, akasema, "Haya. Samahani kwa kukusumbua." Akatoka, akaufunga mlango polepole. Angeubamiza, pengine Leona angesahau. Tangu siku hiyo walikutana dukani na posta, wakasalimiana, wakazungumza hali ya hewa, na hali ya hewa haikuwahi kuwaishia.

Leona akaweka mwiko chini, akaenda kumtafuta Orest kwenye jenereta.

"Twende na trekta," alisema. "Polepole. Tufuate uzio."

Orest hakugeuka. "Nimeshajaribu."

"Lini?"

"Ulipokuwa unakata kabichi. Nilifika kwenye sanduku letu la posta, Leona. Hapo tu. Nikawa sioni hata usukani. Nimerudi kwa kupapasa." Alijipangusa mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na mafuta. "Tukienda sisi, watakaotafutwa ni watatu."

Katika miaka yao ya ndoa Leona hakuwahi kumsikia Orest akikiri kuwa ameshindwa, na hilo lilimtisha kuliko upepo.

Balkar alikuwa mlangoni na ganda la chungwa mkononi. "Samahani, sikukusudia kusikia," alisema. "Ni mtoto wenu?"

"Binti yetu," alisema Leona.

"Mbona hamkusema tangu mwanzo?"

Watu walikuwa na njaa, na Leona hakutaka kuwasumbua kwa shida zake.

"Mama," alisema Balkar, "mimi nina redio ya upepo kwenye lori. Haifiki mbali, lakini mbele yangu kuna lori jingine limekwama, na mbele ya hilo lingine. Twende."

Lori lilikuwa limeegeshwa mlangoni kabisa, injini inanguruma. Wakabanana watatu ndani. Balkar alishika kipaza sauti, akaita, akaita tena, hadi sauti ikajibu katikati ya mikwaruzo.

"Nasikia, Balkar. Bado mzima?"

"Mzima, nangoja chakula cha Krismasi mara ya pili msimu huu. Sikiliza. Natafuta msichana, anaitwa Larysa, amepita daraja mchana. Gari dogo la kijani. Mpe wa mbele yako, naye ampe wa mbele yake, mpaka Ziwa Korongo."

"Nimepata. Subiri."

Wakasubiri. Theluji ilipiga kioo kama mtu anayerusha mchanga kwa koleo. Balkar alimpa Leona chungwa, Leona akalishika bila kulimenya. Orest alitazama mita ya mafuta ya lori ambayo haikumhusu.

Redio ikakwaruza. "Balkar, wanauliza, jirani yupi?"

"Jirani gani?"

"Ujumbe uliowafikia unasema gari la jirani. Wanasema huku kila mtu ni jirani, mtaje jina."

"Kijani!" Balkar alipiga kelele. "Rangi! Rangi ya majani! Nani huyo masikio yake yameganda?"

"Ah! Kijani. Samahani. Subiri."

Orest alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kikohozi. Leona alijikuta amefumba macho, akiomba, na kilichomshangaza ni kwamba hakuwa anamwomba Mungu peke yake. Alikuwa anamwomba na Bernadette. Bernadette, chungulia dirishani. Bernadette, tafadhali.

Ilichukua muda mrefu. Kisha sauti ikarudi, na safari hii ilikuwa inacheka.

"Balkar, mwambie huyo mama apumue. Wanaye. Gari liliteleza mtaroni karibu na Ziwa Korongo. Mama mmoja wa pale aliona taa kabla theluji haijazifunika, akaenda na mpwa wake kwa pikipiki ya theluji wakamtoa. Yuko ukumbini kwao. Hana hata mkwaruzo."

Leona alisema asante. Aliiambia redio asante, akamwambia Balkar asante, akaliambia na lile chungwa asante. Kisha akaona aibu, akaomba radhi. Orest alikuwa amevua kofia na kujifunika nayo uso, mabega yanapanda na kushuka. Balkar alitazama nje kwa adabu, kana kwamba kulikuwa na kitu cha kutazama.

"Huyo mama anaitwa nani?" Leona aliuliza baadaye, ingawa moyo ulishamjibu.

Swali likasafiri. Jibu likarudi. "Bernadette. Anasema, hivi huyu mtoto huwa hamumlishi? Amemaliza sufuria."

Balkar aliangua kicheko. "Kuna la kumjibu, mama?" Akamnyooshea kipaza sauti.

Leona akakishika. Lilikuwepo la kumjibu. Lilikuwepo tangu mwaka juzi. Lakini kati yake na Bernadette kulikuwa na madereva wanne au watano, kila mmoja akisubiri kulipokea na kulipitisha, na mmoja wao alikwishaifanya kijani kuwa jirani. Tena neno lenyewe, lile samahani, alikuwa amezoea kukiambia hata kiti. Kuna kitu gani kingebaki ndani yake likifika kule?

"Mwambieni asante," alisema. "Na mwambieni kesho nitakuja mwenyewe."

Giza lilipoanza kuingia, wakapanga meza. Desturi inasema hakuna kula mpaka mtoto wa nyumba aione nyota ya kwanza, na siku ile hakukuwa na nyota wala anga. Wageni walipoelezwa, walikaa na vijiko vyao wakisubiri kwa heshima, mpaka Balkar akachoka. Alitoka nje, akawasha taa ile ya juu kabisa ya lori lake, akarudi akionyesha dirishani.

"Nyota hiyo," alisema. "Kuleni."

Wakala. Vyakula kumi na viwili vilifika kila mahali kwa kijiko kimoja kimoja, na yule paka wa bibi Gisèle alipata samaki. Bibi aliimba wimbo wa kwao, Orest akaimba wa kwao. Leona alikula mpaka akafungua kifungo cha sketi. Kila alipokumbuka kwamba Larysa yuko hai, alihisi joto jipya, kama mtu anayeingia ndani kutoka kwenye baridi, anatoka, anaingia tena.

Asubuhi upepo ulikuwa umekwisha. Dunia ilitulia, buluu juu na nyeupe chini, na baridi kali ya kuyafanya mate yagande kabla hayajafika chini. Greda ya kijiji ilipita mapema ikifungua njia, na basi likaondoka na abiria wake, mikono ikipunga hadi mwisho wa upeo. Balkar alikumbatiwa na Leona mpaka kilemba kikaenda upande. Kisha Orest akawasha gari lake kubwa, wakaelekea Ziwa Korongo.

Waliliona gari la kijani mtaroni, limefukiwa hadi madirishani, na Leona akageuza uso upande mwingine.

Ukumbi wa Ziwa Korongo ulikuwa mpya, bado unanukia mbao. Larysa alikuwa kwenye meza ya mbele, amevaa sweta la mtu mwingine, anacheza karata na bibi mkongwe aliyezungushiwa shali mbili. Alipowaona alisimama, na Leona akamkamata kama anavyokamatwa mtu anayetaka kuanguka.

"Mama, unanivunja."

"Nyamaza."

"Mama, niko salama. Nilibaki garini kama baba alivyonifundisha. Niliwasha mshumaa. Nilikuwa naanza kusinzia, ndipo nikasikia mtu anagonga kioo."

Orest aliposikia neno kusinzia aliketi kwenye kiti cha karibu bila kuangalia kama kina mtu.

Leona alimwachia binti yake. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na Bernadette alikuwa ndani, anasugua sufuria kubwa, mikono ya shati imekunjwa juu ya viwiko. Leona akaingia.

"Umekula?" Bernadette aliuliza bila kugeuka.

"Nimekula."

"Hujala. Kuna mkate wa kukaanga hapo, na supu ya nyama ya porini."

"Bernadette," alisema Leona. "Ule ukumbi wetu. Siku ya mazishi ya kaka yako. Haukuwa umechukuliwa."

Bernadette aliendelea kusugua. "Najua. Kalenda ilikuwa ukutani, nyuma ya kichwa chako. Mwezi wa nane wote mweupe kama huko nje."

"Ulijua, na hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Ungeniomba radhi tena."

Leona akasogea karibu na sinki.

"Tulikula kwenye gereji ya Alphonse," alisema Bernadette. "Mvua ilikuwa inanyesha. Tuliweka supu juu ya boneti la gari. Kaka yangu angefurahi, alikuwa mtu wa magari. Lakini mama yangu, Leona, alikaa juu ya tairi. Amemzika mwanawe, na akakaa juu ya tairi kula."

Maji yalitiririka. Leona alijua kwamba neno lake la kila siku lilikuwa pale ulimini, limekaa tayari kama chenji, na kwa mara ya kwanza maishani alilirudisha ndani.

"Nilidanganya," alisema. "Kuna watu walisema maneno, nami niliyaogopa maneno yao kuliko nilivyokuonea wewe huruma. Nilikujua tangu darasa la kwanza, nikakufanya mtu baki."

"Watu gani hao?"

"Wangu. Nami ni mmoja wao."

Bernadette alifunga bomba. Aligeuka, akamtazama, na Leona alijilazimisha asitazame chini.

"Jana," Leona aliuliza, "ulijua ni binti yangu?"

"Nilijua kabla sijafungua mlango. Ana pua yako."

"Ukamtoa."

"Ulitaka nifanyeje? Kulikuwa na baridi." Bernadette alisema hivyo kama mtu anayeulizwa kwa nini maji ni maji. Kisha akamrushia kitambaa. "Sijasema yamekwisha, usije ukadhani. Nasema sufuria ni kubwa na mikono yangu imechoka. Kausha."

Leona akakausha. Walikausha sufuria, miiko, trei, bila kuzungumza hali ya hewa. Walipomaliza, Leona aliuliza, "Mama yako yuko wapi? Nataka nimwambie na yeye."

"Ndiye anayempora binti yako kwenye karata."

Kokum Eulalie, kwani kokum ndivyo Wakrii wanavyomwita bibi, alikuwa anakusanya karata alizoshinda. Leona alipiga magoti kando ya kiti chake, akamshika mkono, akamwambia kwa sauti ya chini yote aliyokuja kuyasema.

"Eh?" alisema Kokum.

"Hasikii vizuri," alisema Bernadette. "Paza sauti."

"Nasema samahani, Kokum! Kwa ajili ya ukumbi!"

"Ukumbi?"

"Nilikunyima ukumbi! Siku ya mazishi ya mwanao! Nilidanganya!"

Sasa ukumbi mzima ulikuwa unasikia. Vijana waliokuwa wanakunja vitanda walisimama. Larysa alikuwa amefungua macho wazi, hakuwa anajua. Leona uso ulimwaka moto, lakini hakuinuka.

Kokum alimtazama kwa muda mrefu, macho yake madogo yakizunguka usoni mwake kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia. Kisha akainua kichwa, akatazama dari, kuta, madirisha.

"Ukumbi huu?" alisema. "Mzuri, eh? Mpya. Viti vina mito."

Bernadette ndiye aliyeanza. Alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta, na vijana wakamfuata, na Larysa, na Leona mwenyewe akiwa bado amepiga magoti, machozi na kicheko vinamtoka kwa pamoja. Kokum, bila kujua amesema nini cha kuchekesha, alifurahi kwamba watu wamefurahi. Alimpigapiga Leona kichwani, mara kadhaa, kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Inuka," alisema. "Sakafu ina baridi. Wewe ni mtoto wa nani?"

Vijana walikwenda na koleo na minyororo kulichimbua gari la kijani, lakini betri ilikuwa imekufa kabisa. Likavutwa hadi nyuma ya ukumbi lingoje fundi, na vijana hawakumwacha Larysa bila maneno.

"Tairi gani hizi, dada? Za baiskeli?"

"Za mjini hizi. Huko theluji inaogopa polisi."

Bernadette aliwasindikiza hadi mlangoni, akasimama akiwa amekunja mikono kifuani. "Mkija kuchukua gari," alimwambia Leona, "lete vile vimkate vya viazi. Usilete kimoja kimoja kwa desturi. Lete ndoo."

"Nitaleta."

"Njoo Jumamosi. Jumamosi nipo."

Walirudi nyumbani watatu, wamebanana kiti cha mbele. Larysa alikuwa katikati kama alivyokuwa akikaa utotoni, na kabla hawajafika kona ya kwanza alilala, kichwa kwenye bega la mama yake, mdomo wazi, anakoroma kidogo. Leona hakusogea. Bega lilikufa ganzi, akaliacha life. Pande zote mbili mashamba yaling'aa mpaka yakaumiza macho.

"Unalia?" Orest aliuliza, akitazama barabara.

"Jua hilo."

Orest akapapasa juu ya dashibodi, akampa miwani yake ya jua.